Jitu la Vinywa Elfu

Adui wa hadithi ya dada yangu nilimdharau tangu siku ya kwanza, na sababu zangu zilikuwa za kiufundi.

Dada alikuwa ndani ya eda. Mumewe alifariki mwishoni mwa masika, na kwa miezi minne na siku kumi hakutakiwa kutoka nje ya nyumba yao ya Mtendeni, hapa Tabora, ila kwa dharura. Huyu ni mwanamke aliyeuza vitambaa sokoni tangu ujana wake, na ghafla akawa mtu wa kukaa chumbani na kutazama dari. Haukupita muda akaanza kuwarekodia wajukuu zake hadithi kwenye simu, vipande vifupi vya sauti kila baada ya swala ya alasiri. Wajukuu wenyewe wametawanyika Mpanda na Dar es Salaam. Mimi niliingizwa katika kundi hilo bila kuombwa, nikawa nasikiliza kibandani kwangu Kanyenye huku nimefungua tumbo la cherehani ya mtu.

Ilikuwa hadithi ya malimwengu mengi, yamepangwa kama stesheni za reli. Unapanda treni Tabora. Ukishuka stesheni hii, unakuta watu wanatembea kwa mikono; ukishuka ile, mvua inatoka ardhini kwenda juu. Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, ndipo abiria wanapobadilisha treni kwenda kwenye dunia zilizokwisha kufa. Hayo niliyakubali. Yalikuwa na mpangilio, na anayeijua reli angeweza kuyafuata bila kupotea.

Lililonishinda ni adui. Dada alimwita Mzinga. Mzinga ni akili moja iliyokaa katika miili isiyohesabika: watu, mbuzi, kunguru, hata vyungu. Ana vinywa elfu na kauli moja. Ni mkongwe kuliko dunia zote. Mara ya kwanza anaonekana akiwa msafara wa wapagazi unaokuja kutoka upande wa ziwa kwa njia ya zamani, mizigo kichwani, wote wakikanyaga kwa pamoja na kukohoa kwa pamoja. Ukimuuliza wa mbele jina lake, anajibu wa nyuma kabisa. Ukimchapa wa nyuma, anacheka wa mbele.

Mpaka hapo sina neno. Lakini sikiliza matendo yake. Anafika katika dunia fulani na kumgeuza mfalme kuwa kigoda, kwa kuwa siku hiyo amejisikia kukaa. Kwingine anapiga marufuku rangi ya manjano. Kesho yake anaamuru kila kitu kiwe cha manjano, na wale waliotii jana wanaadhibiwa. Anaiba mto mzima, kisha anaurudisha akilalamika kwamba una maji. Hana njaa, hana kisasi, hataki utawala, hataki dhahabu. Anapita tu, anavuruga, anacheka kwa vinywa vyake vyote, anaondoka.

Mimi ni mtu wa kujisomea. Shule niliishia darasa la saba, na mengine yote nimeyapata katika vitabu vya mtumba, kimoja baada ya kingine, na sianzi cha pili kabla sijamaliza cha kwanza. Katika kusoma huko nimejifunza kwamba adui asiye na sababu si adui, ni upepo. Hata jina lenyewe lilinikera. Nyuki wa kweli, hawa wanaotundikiwa mizinga katika misitu yetu ya miombo, hawafanyi jambo bila sababu. Anayetoka anajua anakwenda wapi. Anayerudi amebeba kitu. Kumpa jitu la kipuuzi jina la mzinga ni kuwatukana nyuki.

Nilifunga kibanda nikaenda kumwambia ana kwa ana. Nilimkuta anachagua mchele. Nikamweleza hoja zangu kwa mpangilio: adui huyu amekosa lengo, kwa hiyo hawezi kushindwa, kwa hiyo hadithi haiwezi kwisha. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, akapuliza pumba kidogo kwenye ungo.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe hujawahi kuolewa."

Nilimwambia hilo si jibu. Akasema basi niendelee kusikiliza.

Eda ilipokwisha, ukweni kwake wakatuma habari kwamba wanakuja kukaa kikao. Hapa lazima nieleze vizuri. Mirathi ilikuwa imekwishagawanywa na shehe mbele yetu sote. Shamba la Kaliua lilikwenda kwa ndugu wa marehemu, nyumba ya Mtendeni ikabaki kwa dada na binti zake wawili walioolewa mbali. Hakuna aliyebisha siku ile. Kwa hiyo hawa hawakuja kudai haki. Walikuja na ushauri: ukoo umeona ni vyema mjane akaishi shambani Kaliua, alelewe na wenzake, na nyumba ya mjini akae mtu wa familia.

Dada alizaliwa Tabora mjini na amezeekea Tabora mjini. Shamba lile liko mbali na kila anachokijua. Aliniambia akitoka katika nyumba hiyo mara moja hatarudi tena, na nilijua anasema kweli. Nilikwenda kikaoni kama ndugu yake pekee aliyebaki.

Walikuja wengi, lakini wa kuwataja ni wanne: shemeji mkubwa, ambaye ndiye kaka wa marehemu; wifi yake dada; shemeji mdogo, kitinda mimba wao; na mzee mmoja, baba yao mdogo, aliyepewa mto wa kuegemea. Viatu wakaviacha barazani, wakaketi mkekani, wakasoma dua. Kisha wakaanza.

Nimekaa katika vikao vingi, vya msikiti na vya mtaa, lakini sijasikia maneno machache yakitumika mara nyingi namna ile. Ukoo umekaa. Ukoo umeona. Ukoo umeguswa. Nilimuuliza shemeji mkubwa sababu. Akajibu wifi, kwamba mwanamke peke yake mjini si salama. Dada akasema binti yake mkubwa yuko tayari kuja kuishi naye pamoja na watoto. Akajibu shemeji mdogo, kwamba kelele za watoto hazimfai mtu aliyetoka msibani. Nikamuuliza shemeji mdogo ni nani hasa atakayekaa katika nyumba hii. Akajibu mtu wa mwisho pale mlangoni, ambaye hata sikumjua, kwamba wakati wa swali hilo haujafika. Mara nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Mara ni mbovu, paa linavuja, haimfai mjane kuteseka humo. Nilipouliza kwa nini basi nyumba mbovu ikimbiliwe, wakatikisa vichwa wote kwa masikitiko, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

Nilimtazama dada. Alikuwa amejitanda khanga, ananitazama, na kwa nukta moja nikaona pembe ya mdomo wake imepanda. Nikamtambua Mzinga.

Nikatoka nje kupunga upepo, ndipo nikaviona vile viatu.

Wazazi wetu ni Wazaramo. Baba aliletwa huku na kazi ya reli. Ukweni kwa dada ni Wanyamwezi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakikutana njiani na kuona heri wagombane kwa mzaha kuliko kwa mikuki. Msibani au kikaoni, mtani ana ruhusa ya kumtukana mwenziwe, kumwigiza marehemu, kunyang'anya mali na kudai ikombolewe. Na mwenye kutaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Mimi mila hiyo sijawahi kuitumia. Nimekuwa mtani mbaya maisha yangu yote. Hata mazikoni kwa shemeji nilisimama kimya, wazee wakanong'onezana juu yangu. Naona mizaha mingi ya watani ni kelele tu. Lakini chombo ni chombo. Nilichukua gunia la mkaa lililokuwa tupu jikoni, nikavitia humo viatu vyote, makubadhi, kandambili na vya ngozi, nikalifunga kwa kamba, nikalikalia mlangoni.

"Wanyamwezi," nikasema, "viatu vyenu nimeviteka."

 Yule mzee akaanza kucheka kwenye mto wake.

"Mzaramo kumbe ana ulimi. Miaka yote hii tulidhani amezaliwa bubu."

Wifi akasema haya, nitaje bei yangu, nikachezee ngoma kama kawaida yetu Wazaramo. Nikamwambia sitaki hata senti. Babu zao walibeba mizigo ya watu wengine mpaka pwani, na naona wajukuu bado wanabeba tu bila kuuliza ndani mna nini. Kila mmoja atakuja hapa barazani peke yake, mlango ukiwa wazi, aseme yeye mwenyewe anataka nini juu ya nyumba hii. Akishasema, anapewa viatu vyake. Atakayetamka neno ukoo atatembea pekupeku hadi kwao.

Shemeji mkubwa akainuka, uso umembadilika, akaanza kusema kwamba hili ni jambo zito. Mzee akamshika kanzu.

"Kaa chini. Ukimkasirikia mtani, umekwisha."

Akaketi. Hakuna mila nyingine iliyowahi kunifaa kama hiyo.

Mzee alikuja wa kwanza, akijikongoja. Akasema yeye anataka kwenda nyumbani, mgongo unamuuma. Na nyumba ni ya mke wa marehemu, kwani ni ya nani? Nikampa makubadhi yake. Akaja shemeji mdogo. Alianza na lile neno, akaliuma katikati, akaanza upya. Ikawa kwamba yeye hana shida na nyumba; alidhani wifi ndiye anayeitaka. Wifi naye akasema hajawahi kuitaka. Aliambiwa kwamba dada mwenyewe amechoka na mji na anaona aibu kusema, akaona amsaidie. Nani alimwambia? Mke wa shemeji mdogo. Mke wa shemeji mdogo akasema yeye aliwasikia wakubwa. Yule mtu wa mlangoni nisiyemjua akakiri kwamba yeye ni jirani yao, amekuja kwa ajili ya kuwasindikiza.

Mmoja mmoja walipita mbele yangu, na katika wote sikupata hata mtu mmoja aliyewaza jambo hili kwa kichwa chake. Mwanamke alikuwa karibu kuhamishwa kutoka maisha yake yote kwa wazo lisilo na mwenyewe. Wangembebea vyombo vyake kituoni, wangemwombea safari njema, kisha kila mmoja angerudi kwake akidhani amemfurahisha mwingine. Nimewahi kudharau watu waovu. Hawa nilishindwa hata kuwapa hadhi hiyo.

Akabaki shemeji mkubwa. Alikuja akanong'ona sikioni mwangu. Nikamwambia sikio langu si kikao, aseme kwa sauti.

"Kijana wangu anataka kuoa," akasema, "na hana pa kumweka mke."

 Nilimtolea viatu vyake, vya ngozi, nikavipangusa vumbi la mkaa kwa kiganja. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyekuwa na sababu, na ndiye pekee niliyemheshimu siku ile, japo kidogo. Dada akasema kutoka ndani, kwa upole, kwamba kama kijana angemwambia mama yake mdogo, kuna chumba cha uani angekodishwa kama mtu mwingine yeyote, lakini kwa kijana aliyetumwa kuingia mlango wa mbele, hapana.

Nilidhani yamekwisha. Wakarudi wote mkekani, wamevishika viatu mikononi, hakuna aliyethubutu kuviacha tena. Shemeji mkubwa akasafisha koo.

"Ukoo umekaa," akasema, "na ukoo tangu mwanzo umeona kwamba mjane asisumbuliwe."

Wakaitikia wote. Wifi akapangusa machozi. Mzee akasoma dua ndefu, kisha dada akatakiwa awashukuru kwa uamuzi wao wa busara. Akawashukuru. Wakaletewa pilau, wakala, wakaisifu nyumba: madirisha mazuri, hewa inapita, kwa nini mtu aihame.

Wajukuu wanaendelea kupata vipande vyao kila alasiri. Juzi Mzinga ameinunua stesheni nzima kwa ganda la karanga, kisha akasahau ameiacha wapi. Maoni yangu ya kiufundi hayajabadilika: ni adui dhaifu, hana lengo, hadithi haitakwisha. Ila mtunzi nimeacha kumlaumu. Nilimuuliza tu, kwa kuwa sasa amekwishaona namna ya kulivunja jitu lile, kwa nini asilivunje. Akasema siku ile nililivunja mbele ya macho yake, na kabla pilau haijaiva lilikuwa limekwishajiunga upya.

Siku ya pili baada ya kikao aliniita nibadilishe kitasa cha mlango wa mbele, kwa sababu tangu siku za msiba shemeji mkubwa alikuwa amekaa na ufunguo na hakuna aliyekumbuka kumwomba. Kazi ya kitasa si kazi yangu, lakini naiweza. Nilitoboa, nikafunga kipya, nikakijaribu kwa ndani na kwa nje. Kilikuja na funguo tatu katika kikamba kimoja. Nilimwambia moja akae nayo, moja amwekee binti yake, na ya tatu nikae nayo mimi, iwapo ataugua.

Dada alizipokea, akazifunga zote tatu kwenye pindo la khanga yake, akaniuliza kama nitakunywa chai.