Fundi Kinyaa na Bomba la Mama Yake

Jina la Kinyaa alipewa na mafundi wenzake wa mabati, likamganda. Akiona kazi mbovu hutema mate kwanza, salamu baadaye. Wateja walimvumilia tu kwa sababu bomba la moshi alilofunga yeye halikuvuja.

Siku moja dada yake alimwita: mama anakohoa hadi anakosa pumzi, na jiko linanuka. Kinyaa aliingia jikoni akiziba pua. Lo! Ukuta ulikuwa mweusi, unateleza kwa masizi. Juu ya jiko la kuni, bomba la chini jembamba, la juu pana, limevishwa tu kama kofia. Mwanya kati yao umesokomezwa matambara, na juu ya matambara, eti soksi.

"Ptuu! Soksi! Nani kafanya uchafu huu?"

"Mimi, shemeji," akajibu mume wa dada yake, anatabasamu kabisa. "La juu nimelivika kwa nje, moshi usitoke."

"Moshi unapanda, bwana, lakini jasho lake, yale maji meusi ya masizi, linashuka! Unakata bati, unakunja koni ya kulibana la juu, liingie ndani ya la chini, uchafu urudi motoni. Wewe umeupeleka wapi?"

Tone jeusi likadondoka, to, ndani ya sufuria ya chai ya mama.

Kinyaa alichungulia sufuria. Akachota kikombe, akamsogezea shemeji yake mdomoni. "Haya, kunywa."

Shemeji alinusa, akageuza uso.

"Huwezi? Na mama anayekunywa kila asubuhi, yeye ana tumbo la chuma? Huna haya!"

Mama, aliyekuwa kwenye kigoda, alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Mwache mkwe wangu. Nilikuita wewe kwa bomba hili mvua zilipoanza, ukasema kesho. Nikakuita tena, ukasema una wateja. Yeye si fundi, lakini alikuja."

"Mganga hajigangi," dada mtu akachomekea, bila kucheka.

Kinyaa alifungua mdomo ateme kama kawaida yake. Akatazama sakafu, akatazama kikombe, akamtazama mama yake. Pa kutemea hakupaona.

Akameza. Akachukua mkasi wa bati, akaanza kupima, na nyuma yake mama aliendelea kukohoa.