Mkono wa Mwinyimvua Ndani ya Feni

Mwinyimvua wa Dunda ni mchonga milango, na kwa nakshi hana mpinzani Bagamoyo nzima. Ukibisha, kamuulize mwenyewe. Kwa magari, lakini, elimu yake ni ya kuchungulia. Rejeta ya gari lake ilipovuja alitia bizari kwenye maji, kama alivyowaona madereva wa Fukayosi. Bizari ikaziba tundu kweli, ikaziba na njia zote za maji. Siku waliyotoka Kaole kwa wakwe, gari lilifuka kama jungu la harusi.

"Tumwite fundi, Baba Mina," alisema mkewe, Biubwa, walipofika uani.

"Wa nini? Rejeta ni kama fremu ya mlango, inatoka ilivyoingia. Wewe kaa garini ukanyage breki, hapa pana mteremko."

Akangoja maji yapoe, akayamwaga. Akachomoa waya mdogo wa kipimo cha joto uliomzibia njia, kisha akapenyeza mkono wa kulia na koleo, baina ya feni na rejeta, kuitafuta klipu ya mpira wa maji wa chini. Mkono ukazama hadi kiwiko. Pete yake ya fedha ikanasa kwenye fremu ya feni.

Akavuta. Haikutoka.

Hapo ndipo alipokumbuka. Aliwahi kuona gereji: waya ule ukichomolewa, feni huzunguka mara swichi ikiwashwa, hata kama injini imelala. Mapanga ya feni yalikuwa yamegusa vidole vyake. Vidole vile ndivyo patasi, ndivyo wali wa watoto.

"Joto humu," Biubwa akasema ndani. "Nashusha kioo."

Vioo vya gari lile haviteremki bila ufunguo kuzungushwa.

Mwinyimvua akafungua mdomo. Mtu anayeongea hata akisinzia, sauti ikamkimbia. Akausikia ufunguo ukigonga mara ya kwanza. Redio ikakohoa.

"Biu..."

"Unasemaje?"

Ufunguo ukagonga tena. Feni ikanguruma. Kitu kikapasuka kwa kishindo, na Mwinyimvua akafumba macho asione kilichobaki.

"Zima," akasema, kwa sauti ya mtoto.

Biubwa akazima, akatia gia gari lisiteremke, akaja mbio, ufunguo mkononi, akainama. Koleo lilikuwa limesimama katikati ya mapanga, panga moja limevunjika. Akaleta sabuni, akaipaka kwenye pete, akautoa mkono polepole. Vidole vyote vilikuwapo, kimoja kimechubuka.

Biubwa akaung'oa waya wa betri mwenyewe, akautupa pembeni. "Haya, maliza."

Mwinyimvua akauinua mkono wa kulia. Ukagoma mlangoni pa rejeta kama mbuzi kwenye mtumbwi. Akajaribu tena. Wapi.

"Betri haina waya, mume wangu. Feni haiwezi kuzunguka."

"Najua."

Akauficha mkono ule kifuani, ndani ya shati. Kisha akafumba macho, akapenyeza wa kushoto.