Jjajja wa Kizito na Salamu ya Kiingereza

Enzi zetu Kiingereza tulikiogopa kuliko mbwa wa polisi. Nyinyi mliosoma Bukoto wakati ule mnakikumbuka kile kibao: kipande cha ubao chenye tundu, kamba ya katani, kinanuka jasho la shule nzima. Ukisikika unasema Kiganda au Kiswahili, unavishwa shingoni, na hukivui mpaka umkamate mwenzako ameteleza. Atakayekuwa nacho kengele ya mchana ikilia, anasugua vyoo wenzake wakicheza.

Kwetu nyumbani tulisema Kiswahili, mtaani Kiganda. Kiingereza nilikuwa nacho cha kuombea ruhusa ya kwenda haja tu. Basi kibao kilinipenda! Lakini sikuwa mjinga. Nilimkanyaga mtu kidole gumba, akalia kwa Kiganda, "Maama nyabo!", nikamvisha. Maumivu hayana Kiingereza, jamani. Akili ya biashara nilianza nayo pale. Leo nina maduka ya matairi Nakivubo na nyumba za kupangisha Bukoto, na darasa la saba sikulimaliza. Wenye digrii wananipangia foleni.

Na Kiingereza chenyewe kilituchanganya. Mwalimu alisema "sorry" ni neno la mwenye kosa. Sasa sisi mtu akijikwaa tunamwambia "sorry", kumpa pole. Tukimkuta mtu analima tunamwambia "well done", kumshukuru kwa kazi, hata kama ndiyo kwanza ameshika jembe. Mwalimu akatucharaza: "Amemaliza nini huyo?" Kesho yake akajikwaa yeye mlangoni. Darasa zima kimya. Akageuka, macho mekundu: "Yaani hamna hata sorry?"

Bingwa wa maneno hayo alikuwa Kizito, kiranja wetu, aliyeota ndoto kwa Kiingereza. Siku ya mechi na shule ya ng'ambo ya bonde, mimi ndiye golikipa, na kibao kiko shingoni mwangu. Wenzangu walishanijua, kila mmoja kaficha vidole vya miguu. Akabaki Kizito. Nikamfuata kama mkia, naye hakuteleza hata chooni.

Mchana ukikaribia, jjajja yake akatokea langoni. Bibi kizee wa watu, ametembea kutoka Kyebando akichechemea, mkononi kifurushi cha viazi vitamu ndani ya majani ya ndizi. Kwa Waganda mtoto anapiga magoti, na salamu ni ndefu: umelalaje, wa nyumbani wakoje, ahsante kwa kazi. Nikasogea, masikio wazi. Kizito akanitazama mimi, akaitazama ile kamba, akasimama wima kama mlingoti.

"Good morning, Grandmother. How are you?"

Jjajja akamkodolea macho. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiganda, "Mwanangu, huyu anaumwa?"

"Hapana, jjajja. Ni sheria ya shule."

"Sheria ya kutomsalimia nyanya yako?"

Nikapiga magoti mwenyewe, nikamsalimia mpaka mwisho: nyumba yake, mihogo yake, mguu wake unaouma. Naye akajibu kila kitu bila haraka, akauliza habari za mama yangu asiyemjua. Kengele ikalia nikiwa bado chini.

Akanipa kifurushi chote. Kizito akanyoosha mkono, jjajja akampita kama anapita nguzo. Tulifungwa siku ile, mimi nasugua vyoo tumbo limejaa viazi. Kizito alicheza, lakini alicheza akilia. Na jjajja yule hatukumwona tena pale langoni.

Leo hakuna wa kumlazimisha mtoto Kiingereza, wanakikimbilia wenyewe. Vijana wa Bugolobi kitu kikiwa kizuri wanakiita "sick", yaani kigonjwa. Wakicheka wanasema wamekufa. Mtu mwenye mvi wanamwita "bro". Tulichapwa tukijifunza Kiingereza cha adabu, wenzetu wamelipia ada kukisahau.

Mama yangu ninaishi naye, macho yamepungua nuru. Anakaa sebuleni, kwenye kochi nililoliagiza Dubai, tasbihi mkononi. Wanangu, niliowasomesha shule za mabasi ya manjano, wanapita mbele yake wakiangalia simu: "Hey, Granny."

"Nani huyo?" anauliza mama.

Wameshapita. Namjibu mimi, "Ni watoto, mama."

Anageuza uso upande wa sauti yangu. "Watoto wa nani?"