Muziki Usio na Maneno wa Mwalimu Nathanaeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika bomani Kisarawe kabla tarishi hajafungua madirisha. Nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi na dada yangu, na mfukoni nilikuwa na cheti cha sekondari nilichodhani mtu atataka kukiona. Hakuna aliyekiuliza. Karani Mkuu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinionyesha meza, kiti kisicho na mgongo, na rundo la fomu.

"Unaziona nafasi hizi zenye mistari?"

"Naziona, bwana."

"Zote zijazwe. Fomu yenye nafasi tupu siipeleki kwa Bwana Shauri. Nakurudishia wewe, na wewe utamfuata mwombaji hata kama anakaa Mlandizi."

Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita ofisa wa Kiingereza aliyesimamia wilaya. Mimi sikuwa na shughuli naye. Kazi yangu ilikuwa fomu za ngoma. Vijana wa leo hawazijui, kwa hiyo nieleze. Zamani zile mtu hakuweza kukusanya watu apige ngoma, dansi au hata mashindano ya kwaya bila kibali. Mwombaji alikuja mezani kwangu, nami nikaandika jina lake, mahali, saa, na ala zitakazopigwa. Nafasi ya mwisho, tena ndiyo kubwa kuliko zote, ilikuwa ya maneno ya nyimbo. Kila wimbo uliandikwa kama utakavyoimbwa, na ukiwa wa Kizaramo niliweka Kiswahili chini yake. Niliandika juu ya karatasi ya kaboni ili nipate nakala mbili, moja ya jalada, moja ya mwombaji akipata kibali.

Niliipenda kazi ile. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua hivyo.

Baada ya mwaka nilipelekwa Mlandizi, kwenye baraza la jumbe. Jumbe alikuwa mzee wa mji aliyewekwa na serikali, mtu mnene mpenda heshima. Huko akina mama wa mashamba ya mtoni Ruvu waliomba kibali cha ngoma ya mavuno. Kiongozi wao, Bi Mwanahawa, alinisomea maneno polepole ili kalamu yangu isiachwe nyuma: mpunga umeiva, ndege waondoke, watoto washibe. Nikapiga muhuri.

Siku ya ngoma jumbe alikaa mbele kwenye kiti cha kukunja. Mpunga uliimbwa mara moja tu. Kisha Bi Mwanahawa akageuka, akamtazama usoni, na akina mama wote wakaitikia kwamba kuku wao siku hizi wanawika tumboni mwa jumbe. Walirudia mpaka jua likakaribia kuzama. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Kesho yake Karani Mkuu alikuja kwa lori la posta. Aliiweka nakala ya fomu mbele yangu.

"Uliandika mpunga. Mpunga unawika?"

"Bwana, ndivyo walivyoniambia."

"Ndivyo walivyokuambia! Sikiliza, Salumu. Mtu akikuletea maneno, ujue ameacha mengine nyumbani. Kazi yako ni hayo ya nyumbani."

Maneno hayo niliyashika kuliko yote niliyofundishwa shuleni. Tangu siku ile kila mwombaji nilimwona kama mtu aliyeficha kitu mgongoni. Bwana harusi akisema wimbo ni wa bibi harusi, nilimuuliza bibi harusi ni nani hasa. Kwaya ikisema Misri, niliuliza Misri ipi. Nilisifiwa. Mambo ya siasa yalipoanza kupamba moto, na kila mkusanyiko ukawa unatazamwa mara mbili, nilirudishwa bomani nikiwa karani wa vibali, na kiti changu sasa kilikuwa na mgongo.

Hapo ndipo alipokuja Mwalimu Nathanaeli.

Nathanaeli alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na mpiga kinanda wa kanisa. Mimi na yeye tulisoma sekondari pamoja, tukalala vitanda vilivyopakana. Usiku wa mvua alikuwa akinigusa na kuniambia nisikilize bati. Aliingia ofisini na karatasi ndefu zilizokunjwa kwapani, na tangazo alilotaka kulibandika akishapata kibali. Lilisema: Muziki Mpya. Kisarawe, Mlandizi na Mkuza, Jumamosi tatu mfululizo. Hakuna kuimba. Hakuna kucheza. Watu waje waketi wasikilize.

Karani Mkuu alilisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Watu waje wakae, wasiimbe, wasicheze? Huo ni mkutano."

Nilichukua fomu. "Ala?"

"Kinanda," alisema Nathanaeli. "Zomari ya Mzee Kondo. Ngoma tatu. Vinu viwili na michi yake. Kipande cha reli. Mtungi unaovuja."

"Mtungi unaovuja unapigwaje?"

"Haupigwi. Unavuja."

Tarishi alicheka mlangoni. Mimi sikucheka. "Maneno ya nyimbo?"

"Hayapo."

"Nathanaeli, nafasi ndiyo hii. Lazima niandike kitu."

"Andika hayapo. Salumu, bwana, si kila kitu kina maneno. Ulimi wako unaijua ladha ya chumvi, je, chumvi inasema nini?"

Akanieleza kwamba mgeni mmoja wa misheni alimwachia sahani chache za gramafoni, zenye muziki mpya wa huko Ulaya, ambao hata Wazungu wenyewe wengine hawautaki. Ndipo alipoona kwamba mtu anaweza kuchukua sauti yoyote na kuijenga kama nyumba. Akajiuliza kwa nini kinanda na kinu visikae chumba kimoja. Aliifanya kazi ile miaka mingi, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Mchungaji wake hakuupenda muziki ule, ila alimpa ruhusa ya mara moja. Serikali ikimkatalia, alisema Nathanaeli, misheni nayo itamtaka aache kabisa.

"Kwa hiyo nakutegemea wewe," alisema. Akaniachia zile karatasi ziambatanishwe na fomu. Hakuwa na nyingine.

Nilizitazama alipoondoka. Zilikuwa na mistari mirefu, duara kubwa na ndogo, mishale, na mahali pengine vitone vilivyotawanyika kama mbegu. Katikati ya karatasi ya nne hapakuwa na kitu chochote, weupe tu upana wa viganja viwili, kisha alama zikaanza tena. Nilishangaa sana kuona ule weupe. Mtu anayeficha, nilijiambia, huficha mahali kama hapo.

Niliandika "hayapo" kwenye fomu. Karani Mkuu akairudisha kabla ya saa sita. "Nenda ukasikilize," alisema. Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Nasikia mlikuwa shule moja."

Nilimwelewa. Ofisini kwetu mtu aliyeshukiwa hakuambiwa. Aliona tu kwamba majalada yanapita mezani kwa mwenzake.

Nilikwenda mchana, wakati wa mazoezi yao kwenye banda la useremala la misheni. Nilikaa mbele kabisa na penseli. Mzee Kondo, mpiga zomari maarufu wa harusi zetu Waislamu, alinisalimu kwa kichwa. Kwenye vinu walikuwapo Mama Rebeka na binti yake. Nathanaeli alikaa kwenye kinanda, akanyoosha kidole, nao mtungi ukafunguliwa.

Matone yalianza kuanguka ndani ya debe. Baadaye mchi mmoja uliingia, kisha wa pili, lakini si pamoja. Mmoja ulikuwa ukimkimbiza mwenzake bila kumfikia. Zomari ilishika sauti moja tu na kuikalia mpaka nikasahau kwamba ni pumzi ya mtu. Kinanda kilikuwa chini ya vyote, kikinguruma kama lori la mbali lisilofika. Nywele za mikono yangu zilisimama. Nilimkumbuka mama yangu akitwanga upande wa pili wa ukuta nikiwa na homa. Nasema haya leo. Siku ile niliyafukuza, kwa sababu nilikuja kutafuta maneno.

Nilimwinamia Mama Rebeka, naye anatwanga. "Mama, hapo mnasema nini?"

"Tunatwanga."

"Kwa maana gani?"

"Kwa maana ya kutwanga, baba. Kwani kwenu mnakula mpunga na maganda yake?"

Binti yake alikosa pigo kwa kicheko. Nathanaeli hakukasirika, aliendelea. Sauti zilipanda, vipigo vya reli vikaingia, banda likatetemeka, na ghafla wote wakaacha. Mara moja, kama waliokatwa kwa kisu. Hata mtungi Mzee Kondo aliuziba kwa kidole.

Kimya. Hakuna aliyejongea. Wote walitazama chini, na Nathanaeli alifumba macho. Nilisubiri. Nilisikia mnazi nje na moyo wangu mwenyewe. Nikaona wazi kabisa, au nilidhani naona, kwamba wamenyamaza kwa ajili yangu. Wamefika penye siri yao na wanangoja karani wa serikali aondoke. Nikafunga daftari, nikanyanyuka, nikatoka. Viatu vyangu vilipiga kelele kwenye maranda ya mbao. Hakuna aliyeniita.

Ofisini nilikaa na fomu ile mpaka chai ikanywewa na vikombe vikaoshwa. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kwenda kwa Karani Mkuu na kusema nimesikiliza, maneno hayapo, na ajaze yeye. Badala yake nilifuta "hayapo" kwa wembe, taratibu, nisitoboe karatasi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Maneno yapo. Mwombaji amekataa kuyatoa."

Kukataa hakukataa. Hilo nililibuni mimi. Ningependa kusema nililazimishwa, lakini aliyeshika wembe ni mimi peke yangu.

Bwana Shauri aliniita. Kiswahili chake kilikuwa safi na baridi. Alikuwa amezitandaza karatasi za Nathanaeli mezani na kidole chake kilikuwa juu ya ule weupe.

"Hapa wanafanya nini?"

"Wananyamaza, bwana."

"Wananyamaza kwa heshima ya nani?"

"Hawasemi, bwana."

"Umewasikia kwa masikio yako?"

"Nilikuwapo, bwana."

Hayo yote yalikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Akaandika neno moja pembeni ya fomu. Kibali kilikataliwa kwa Kisarawe, kwa Mlandizi na kwa Mkuza. Karatasi zilibaki kwenye jalada kama ushahidi, na misheni ikaandikiwa barua. Kabla muhula haujaisha Nathanaeli alihamishiwa shule ya mbali, bara huko, isiyokuwa na kinanda. Alipita ofisini kuniaga. Alisema tu, "Salumu, naomba karatasi zangu." Nilimjibu kwamba zimo kwenye jalada na jalada halitolewi. Aliinamisha kichwa kama mtu anayekubali bei, akaondoka.

Mimi nilipandishwa cheo. Nilifanya kazi Kibaha, nikarudi Kisarawe, nikawa Karani Mkuu mwenyewe nikiwarudishia vijana fomu zenye nafasi tupu. Wakati wakoloni walipokuwa wanafunga safari, tuliamriwa kuchoma majalada ya zamani. Orodha niliipiga mimi kwa taipureta. Jalada la vibali vya ngoma lilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Nililiona, nikajua karatasi za Nathanaeli zimo, nikaenda mstari unaofuata.

Nilistaafu na saa ya ukutani na barua ya shukrani. Kustaafu kuna ubaya wake: hakuna fomu ya kukushughulisha. Nikiwa kibarazani naisikia michi ya majirani, mmoja unamkimbiza mwenzake, na nalazimika kuingia ndani.

Mwaka huu nilisikia kwamba Nathanaeli amerudi na amejenga Mkuza, karibu na shule ya misheni ya huko. Nilikwenda. Nywele zake zote ni nyeupe. Mjukuu wake alituletea chai, akanisalimu shikamoo, nami nikamwitikia marahaba. Nilimweleza Nathanaeli yote: wembe, neno "amekataa", orodha ya kuchoma. Nilimwambia sikuja kujitetea. Alisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza mvua.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Mwandiko wako nani asiyeujua? Lakini nataka kukuuliza kitu kingine. Siku ile kwenye banda, kwa nini ulitoka?"

"Mlipoacha kupiga nilidhani mnanificha kitu. Mnangoja niondoke."

"Kile kimya kilikuwa sehemu yake, Salumu. Baada yake ndipo ulipoanza muziki wenyewe. Vingine vyote vilikuwa njia ya kufika hapo."

"Baada yake kulikuwa na nini?"

"Hilo hata mimi najiuliza. Hatukuwahi kuupiga mbele ya mtu mwingine. Karatasi mlizichukua, Mzee Kondo amefariki, Mama Rebeka amefariki. Mimi kichwani nimebakiwa na nusu tu, ile ya kabla ya kimya."

Akaweka kikombe pembeni na kuanza kugonga meza kwa vidole, mkono huu ukiukimbiza ule. Niliitambua ile michi mara moja. Alipofika pale penye kelele aligonga kwa viganja, vijiko vikaruka, halafu akaacha ghafla, akafumba macho.

Nilikaa. Chai ilipoa mbele yetu. Alisubiri limjie lile lililofuata, nami nilisubiri pamoja naye, na safari hii sikunyanyuka.