Almoneda, au Nilivyonadi Mbuzi Nikiwa Kochini

Mimi si mtu wa kutoka. Dada yangu husema siku nikifa, majirani wa hapa Ibra, Oman, hawataona tofauti. Nimesoma mpaka sekondari, na Kihispania nimejifundisha kwenye simu, kwa ajili ya tamthilia moja iliyonichosha kwa tafsiri zake. "Utazungumza na nani?" dada aliniuliza. "Na friji?"

Nilikuwa nimefika somo la maneno ya fedha. Mnada waliuita subasta, na chini yake kwa herufi ndogo, almoneda. Hilo la pili halikunisumbua: ni munada ya Kiarabu, iliyokwenda Uhispania ikavaa kofia.

Ijumaa moja asubuhi mtoto wa dada yangu akanipigia simu ya video. Alikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kutembeza watalii, na mkalimani wao alikuwa anaumwa. Alikuwa soko la mbuzi, Nizwa, na mzee mmoja wa Kihispania na mkewe. Mwenye kampuni kasimama pembeni, anampima. Wageni hawaelewi kinachoendelea, washageuka kurudi garini.

"Shikamoo, khalti. Wallahi kazi inaniponyoka."

"Marahaba. Nipe huyo mzee."

Nikajitanda mtandio palepale kwenye kochi, gauni la kulalia nikaliacha nje ya picha. Nikamwambia mzee: subasta. Akatikisa kichwa. Subasta kwake ni ya benki na mahakama, nyumba ya mtu inapigwa bei mwenyewe analia. Pale watu walikuwa wanacheka. Basi nikasema: almoneda. Nikaongeza, kwa Kihispania changu cha kuungaunga, kwamba hapa muuzaji ndiye anayezunguka na mnyama wake, wanunuzi wametulia. Ukimpenda mbuzi, unamsimamisha.

Mzee akasimama. Maneno yake nilishika nusu, nusu nyingine ikaja kwa mikono. Kijijini kwao, siku ya sikukuu, vitu watu walivyotoa sadaka hunadiwa uwanjani kwa sauti, na hiyo ndiyo almoneda. Mnadi alikuwa baba yake. Mjini, akasema, neno limebaki kwenye maduka ya samani kuukuu, na yeye alikuwa hajalisikia hivyo tangu utotoni.

Garini hakurudi. Muuzaji mmoja akampa kamba, mzee akaingia duarani na mbuzi, ananadi kwa Kihispania, watu wanampandishia bei kwa Kiarabu. Wakaelewana kuliko mimi na dada yangu. Mbuzi akauzwa.

Nikamsikia mwenye kampuni akiuliza, "Huyu mwalimu umempata wapi?"

"Ibra," mtoto akajibu. "Lakini hatoki."

"Asitoke. Mradi simu apokee. Na wewe Jumapili njoo uchukue sare."

Jumapili jioni mtoto akapita kwangu na sare yake, kaiacha abaya wazi makusudi ili nilione jina lake kifuani. Nikamtaka azunguke mara mbili.