Watoto Wawili Weusi wa Nguruwe Mweupe

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, kule mlimani juu ya Usa River, nilipokuwa kijana nisiyetulia. Shule niliiacha mapema. Leo niko Sakina, kesho Kaloleni, mitaa ya Arusha mjini, keshokutwa popote penye kazi. Msimu ule nililisha nguruwe kwa Mama Anaeli, mjane aliyekuwa na dume jeupe, refu, la kujivunia. Majirani walileta majike yao kupandwa, na malipo yalikuwa mtoto mmoja wa nguruwe katika kila uzao. Kwa hilo dume aliwasomesha wanawe.

Asubuhi hiyo Baba Eliya, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alikuja na ndoo. Ndani mlikuwa na watoto wawili wa nguruwe, weusi tii.

"Mbegu gani hii umenipa? Jike langu jeupe, dume lako jeupe. Hawa wametoka wapi?"

"Karibu kwanza, baba. Hata salamu hakuna?"

"Salamu utazisikia Jumapili kanisani, nikiwaambia watu dume lako ni feki. Na hawa nawatupa korongoni."

Mama Anaeli alishika ukuta wa banda. Neno hilo likisambaa, nani angemletea jike tena?

Mimi udadisi ulinishinda. "Baba, kwani bibi yake hilo jike alikuwa wa rangi gani?"

"Wewe mzururaji, nani kakuuliza?"

"Mjibu kijana," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa mama yake mzazi, aliyemfuata polepole akijikongoja kwa fimbo. "Au nimjibu mimi? Bibi wa jike lako nilimfuga mimi, wewe hujaoa. Alikuwa mweusi kama sufuria ya kuni. Na dume hili, mama?"

"Mama yake alikuwa na mabaka meusi," Mama Anaeli akasema taratibu.

"Basi huo weusi mmeuleta wote wawili. Eliya wako alipozaliwa na pua ya babu yangu, nani alimtukana mkeo?"

Baba Eliya aliiweka ndoo chini, kisha akaiokota na kuwarudisha wale wawili kwa mama yao.

Sikuridhika, nikamtafuta bwana mifugo. Alinieleza kwamba rangi hurithiwa pande mbili, kwa baba na kwa mama. Nyeupe ikikutana na nyeusi, nyeupe ndiyo huonekana; nyeusi hujificha, lakini haifi. Mtoto akiipata nyeusi pande zote mbili, ndipo hutoka mweusi. Mzazi mmoja peke yake asingeweza kuwaleta wale.

Kiangazi kilipofika, masikio ya ndugu zao weupe yalibabuka kwa jua. Wale wawili weusi walilala nje juani bila shida. Siku ya malipo Baba Eliya alileta mtoto mweupe, mnono kuliko wote. Mama Anaeli akamtazama, akasema, "Nipe mweusi."

Mwanangu, siku moja kitatokea nyumbani kwako kitu usichokitambua: sura, ugonjwa, hasira ya mtoto. Usikimbilie kumnyooshea mwenzako kidole. Kaa na wazee ungali nao, uwaulize waliotangulia walikuwaje, maana umebeba mengi ambayo kioo hakikuonyeshi. Na kile ulichotaka kukitupa, kiache kwanza kikue.

Mungu akupe subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Na kila atakayezaliwa kwako, wa rangi yoyote, apokewe kwa mikono miwili.