Safari ya Kibabii Kulifuata Gari la Papa

Nilitoka Kitale kwenda Bungoma kwa sababu ya gari. Sikuwa na haja ya kununua. Mimi ni mwalimu mstaafu na safari zangu nyingi huishia sokoni. Nilikwenda kuliona gari la baba yetu, ambaye sisi tulimwita Papa. Mara ya mwisho kuliona nilikuwa mtoto wa darasa la pili.

Lilikuwa stesheni wagoni ya Kimarekani, ya zile za zamani, refu kama lori na pana ajabu. Juu ya bonneti yake ungeweza kuanika debe zima la maharagwe na nafasi ikabaki. Usukani ulikuwa kushoto. Ubavuni lilikuwa na mbao, na nyuma kabisa, pale ambapo magari ya siku hizi hubeba mizigo, palikuwa na kiti kinachotazama nyuma. Hapo ndipo tulipokaa sisi watoto siku za Jumapili, tumewapa wakubwa migongo, tukiwapungia mikono watu wa baiskeli waliobaki kwenye vumbi letu. Kwa kuwa Papa alikaa kushoto, alipotaka kulipita lori hakuweza kuona kama mbele ni salama. Mama yetu, tunayemwita Mayi, alikaa kulia kwake akimchungulilia barabara. "Pita," nilimsikia akisema. "Pita sasa, pita!" Na gari likavuta pumzi, likapita.

Kisha tukahama Kibabii, nje kidogo ya Bungoma mjini, kuja Kiminini, karibu na Kitale, na gari halikuja nasi. Sote tulikua tukijua sababu: Papa aliliuza ili tupate shamba. Sikumbuki aliyenieleza hivyo kwanza. Lakini nimewaeleza watoto wangu, nao wamewaeleza watoto wao, na mwaka huu familia ilipopanga ibada ya kumkumbuka Papa, niliombwa nizungumze. Hotuba yangu ilikuwa hiyohiyo: mtu aliyetoa gari la fahari akatupatia udongo wa kulima.

Ndipo kaka yangu Wanjala, anayeishi Bungoma mjini, akanipigia simu huku akihema.

"Nekesa! Nimeipata gari ya Papa. Iko Kibabii kwa mama mmoja. Anajenga hosteli za wanafunzi wa chuo, anataka kuitoa hapo. Watu wa skrepu wameshaiangalia."

"Una uhakika ni lenyewe?"

"Kwani Bungoma nzima kulikuwa na ngapi kama hiyo, bana?"

Alikuwa tayari amewatangazia watu wa kanisa kwamba siku ya ibada gari la Papa litasimama pale langoni. Alikuwa pia amezungumza na mwenye lori la kuvuta magari mabovu.

Asubuhi ya safari alitoka Bungoma alfajiri akaja kunichukua mtaani kwangu Tuwan kwa Probox yake. Alikuwa amevaa koti, na nyuma aliweka kamba, jeki na shada dogo la maua ya plastiki. Sikumwuliza maua ni ya nini. Tulitoka mjini jua likiwa bado halijakausha umande kwenye mahindi, na kabla hatujafika mbali tulikuwa tumeanza kubishana.

"Ile rangi yake ya kijani," nilisema, "sijui kama bado ipo."

Wanjala akapunguza mwendo. "Kijani gani? Ilikuwa nyeupe. Nyeupe na mbao."

"Kijani, Wanjala. Nililiosha mimi mwenyewe na Papa."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo. Nyeupe."

Tulipofika Kiminini, kwenye njia inayoingia kwetu, nilimwambia tupitie kwa Mayi tumwamkie na tumweleze. Wanjala akakataa. Alitaka Mayi aone gari limekuja, ashike mdomo. "Tukimwambia sasa, furaha itaisha kabla," alisema. Niliona ana haki. Tukapita.

Kutoka Kamukuywa barabara huanza kuteremka, na hewa ikabadilika. Nilivua sweta. Wanjala alikuwa akieleza jinsi atakavyolipaka gari mafuta kwenye mbao, kwa sababu mbao za Kimarekani zikikosa mafuta hupasuka. Sijui alijifunza wapi.

Lugulu tulisimama tukanunua ndizi mbivu. Wanjala akaonyesha kwa kidole upande wa hospitali ya misheni. "Hapo ndipo Papa alinileta mbio na hiyo gari, nilipovunjika mkono." Akakunja shati anionyeshe kiwiko chake kilichopinda. Mimi nilikumbuka safari hiyohiyo, ila mgonjwa alikuwa dada yetu Nafula, mwenye surua, kichwa chake mapajani mwangu. Tulikula ndizi tukitazamana. Kama tulipelekwa mara mbili, mbona kila mmoja anakumbuka moja tu? Nilianza kuona kwamba jambo nililolijua vizuri kuliko mengine yote utotoni mwangu lilikuwa na matundu.

Bungoma mjini hatukukaa. Tulikunywa chai tukashika njia ya Kibabii. Nilitazama huku na huku nikitafuta nyumba yetu ya zamani na sikuitambua hata miti. Palipokuwa na mashamba pana majumba ya ghorofa sasa, nguo za wanafunzi zikining'inia kwenye vyuma vya roshani, na muziki unatoka madirishani.

Mwenye boma alitupokea kwenye lango. Alikuwa mwanamke mrefu, mzee kuliko nilivyotarajia, amejifunga leso juu ya gauni safi. Jina lake ni Mama Judi. Nyuma yake waashi walikuwa wakipandisha ukuta, na kando ya rundo la kokoto, chini ya mabati yaliyoegemezwa, kulikuwa na gari.

Nililitambua papo hapo, kwa namna mtu anavyomtambua jamaa aliyekonda. Magurudumu hayakuwepo, lilikaa juu ya mawe. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Rangi ilikuwa nyeupe, na Wanjala akanigusa bega kwa ushindi. Lakini pale nyeupe ilipobanduka, chini yake palikuwa kijani. Kisha Wanjala akaweka kiganja chake kwenye mbao, na mbao ikamfuata mkononi. Haikuwa mbao. Ilikuwa karatasi ngumu ya plastiki iliyochorwa kama mbao, na ilitoka kama lebo ya chupa.

"Karibuni chai kwanza," alisema Mama Judi. "Hiyo gari haikimbii."

Ndani, Wanjala alitoa shukrani ndefu. Alimshukuru kwa kulitunza gari la marehemu baba yetu Wafula miaka hii yote, akaomba atuachie tulirudishe nyumbani.

Mama Judi aliweka kikombe chini. "Gari ya Wafula?"

"Ndiyo, Mama. Ile aliwauzia tukihama."

"Ati alituuzia?" Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta mzaha. "Watoto wangu, hii gari mume wangu aliileta kutoka Amerika akimaliza masomo. Ilikuja na meli. Wafula alikuwa dereva wetu."

Wanjala alicheka kidogo. "Mama, labda umesahau. Miaka ni mingi. Gari ilikuwa inalala kwetu."

"Jumamosi ililala kwenu. Mume wangu alikuwa anamwachia aioshe, halafu Jumapili anakuja kutuchukua twende kanisani. Na nyinyi mlikuwa mnakuja ndani yake. Mlikaa nyuma na Judi wangu."

Judi! Nilimkumbuka mtoto huyo mwenye viatu vyeupe. Miaka yote nilidhani ni binamu.

"Lakini Mayi alikaa mbele," nilisema. Sauti yangu ilinitoka kama ya mtoto. "Alikuwa akimwambia Papa apite."

Mama Judi alianza kutabasamu, akainua mkono wake wa kulia kana kwamba ameshika dirisha. "Huyo ni mimi. Wafula alikuwa haoni ng'ambo ya lori. Nilikuwa nachungulia namwambia, pita. Pita sasa, pita!"

Ilikuwa ni sauti yenyewe, imechakaa tu. Nilijaribu kuurudisha uso wa Mayi kwenye kiti cha mbele na nikagundua kwamba sikuwahi kuuona pale. Ningeuonaje? Nilikuwa nimekaa nikitazama nyuma.

Wanjala alisimama akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa kando ya gari, lebo ya mbao bado mkononi, akipumua kwa nguvu.

"Wewe ulikuwa mkubwa," nilimwambia. "Hukujua?"

"Nilijua alikuwa anaendesha lori ya mahindi ya mtu. Hii..." Alipiga paa la gari kwa kofi. "Hii alisema ni gari letu. Nilimsikia na masikio yangu, Nekesa. 'Gari letu.' Sasa nitawaambia nini watu wa kanisa? Kwamba Papa alikuwa mwongo?"

Nilifungua mlango wa nyuma, ambao bado ulifunguka, nikapanda nikakaa kwenye kile kiti. Magoti yalinifika kidevuni. Niliona kokoto, ukuta mpya, na mwashi aliyenipungia mkono. Nilimpungia pia, bila kufikiri.

Mama Judi alitukuta hapo. Alisema kama tunalitaka gari tulichukue tu. "Wafula aliipenda kuliko sisi. Mume wangu hakujua hata maji inawekwa wapi." Wanjala alimshukuru lakini hakusema ndiyo wala la. Aliporudi kwenye Probox yake, shada la maua, alilokuwa amelitoa nyuma tulipofika, lilikuwa limelala kitini, na akalisogeza taratibu ili nikae.

Tukashika njia ya kurudi Kitale. Mimi nilikuwa nahesabu kilichobaki. Kama gari halikuwa letu, Papa hakuliuza. Kama hakuliuza, shamba lilitoka wapi?

Kiminini, safari hii, tuliingia kwa Mayi. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa uani akipukuchua mahindi, miguu ameinyoosha mbele yake. Wanjala alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, kuanzia simu hadi lebo ya mbao. Nilitarajia Mayi alie, au akatae. Aliendelea kupukuchua.

"Nani aliwaambia ilikuwa yetu?" aliuliza.

"Papa alisema gari letu," alisema Wanjala.

"Dereva yeyote husema hivyo. Hata utingo husema lori letu."

"Na shamba, Mayi?" nilimwuliza. "Shamba hili tulilipataje?"

Hapo alisimamisha mikono. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwuliza jina lake. "Ilitoka kwa ng'ombe zangu. Zile za kwa mama yangu. Niliziuza zote, hata ile ya maziwa yenu. Kwani mlisahau ng'ombe?"

Tulikuwa tumesahau. Nilijikuna kichwa nikatafuta hata pembe moja, hata kengele, hata harufu ya zizi. Niliweza kukuelezea mshono wa kiti cha gari la mtu mwingine, lakini ng'ombe aliyeninywesha maziwa sikumwona popote.

"Na Jumapili hizo," nilisema, "sisi tukiwa garini, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo nyumbani. Mlikuwa mnaenda wote na kelele zenu." Akacheka. "Nilikuwa nakunywa chai ikiwa moto. Hizo Jumapili zilikuwa nzuri sana kwangu."

Wanjala aliuliza basi kama alete gari au asilete. Mayi akauonyesha uwanja. "Ulete uliweke wapi? Hapo si ndipo naanika mahindi?"

Hivyo gari halikuja. Wanjala aliwaambia watu wa kanisa, kwa sauti ndogo, kwamba kumbukumbu yake ilimpoteza njia, na hakuna aliyemcheka. Nilisikia baadaye kwamba watu wa skrepu walilichukua. Siku ya ibada niliacha hotuba yangu nyumbani. Nilisema kwamba Papa alikuwa dereva hodari aliyependa kazi yake, na kwamba tunakula kutoka kwa ng'ombe wa Mayi. Sikusema vizuri, nilibabaika, nikarudia sentensi moja mara mbili. Kama nilijifunza kitu katika safari ile, ni kwamba niliwauliza watu wote habari za gari, na yule aliyekaa karibu nami kuliko wote sikuwahi kumwuliza lolote.

Mama Judi alikuja. Aliletwa na mjukuu wake, akaketi na Mayi chini ya turubai, wanawake wawili waliokuwa hawajaonana tangu tuhame. Niliwapelekea chai. Walikuwa wakizungumza habari za magoti yao. Kisha Mama Judi akasema, "Lakini wewe, mbona hukuwahi kuja nasi hata siku moja? Gari ilikuwa kubwa hivyo. Nafasi ilikuwepo."

Mayi alipokea kikombe, akakipuliza.

"Hakuna mtu aliniita," alisema.

Nilisimama pale na sinia mkononi. Nilimtazama Mayi nijue ni lini alisema kweli, siku ile akicheka na mahindi mapajani au sasa hivi, na uso wake haukuniambia. Alikuwa ameanza kunywa chai yake ingali moto.